Mawe Kwanza, Mashine Baadaye: Kuchagua Kichujio cha Tangi la Samaki wa Bahari Hapa Dodoma

Haya ndiyo maneno niliyoyasema Jumamosi alasiri mjini Dodoma, mbele ya wafugaji wa samaki wa mapambo, walimu wa sayansi na wazazi waliokuja na watoto wao. Nimeyaandika kama yalivyosemwa, nikaacha tu picha zilizoonyeshwa ukutani, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wazazi wangu mliokaa mbele, na nyinyi vijana mlioketi sakafuni kwa sababu viti vimekwisha, mbukwenyi!

Ahsanteni kwa kuitikia. Mwenyekiti ameniomba nijibu swali ambalo wengi wenu mmemfuata nalo: mtu mwenye kipato cha kawaida, anayeishi hapa, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka ufukwe wa bahari, na ambaye anatamani kuweka sebuleni tangi la samaki wa maji ya chumvi, anunue kichujio gani? Nitalijibu mapema, ili anayewahi daladala aondoke na jibu lake. Nunua mawe kabla ya mashine. Nunua hewa kabla ya nguvu. Na usinunue kitu chochote ambacho umeme ukikatika usiku kinageuka kuwa sumu.

Tuanze na kichujio chenyewe. Mtu akisikia neno hilo huwaza chujio la chai: maji yanapita, majani yanabaki. Kwa samaki, hiyo ni sehemu ndogo ya kazi. Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua, na amonia hiyo haionekani kwa macho wala haizuiwi na sponji au kitambaa. Katika maji ya bahari, ambayo pH yake, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ni karibu 8.2, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali huwa kubwa kuliko katika maji ya mto au ya kisima yenye pH ya 7, na kwa hiyo kosa dogo ambalo perege angelivumilia, samaki wa bahari hulipa kwa uhai wake.

Anayeiondoa amonia hiyo ni nani? Ni bakteria. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia ikiwa kwa kiasi. Bakteria hawa hawaishi kwa kuelea ovyo majini. Hujishikiza juu ya kitu, na wanachodai ni mambo mawili: mahali pa kushika na oksijeni ya kuvuta. Narudia: mahali pa kushika na oksijeni ya kuvuta. Mashine yoyote mtakayoiona dukani, iwe ya laki moja au ya milioni mbili, mnauziwa humo mambo hayo mawili, na mengine yote ni umbo la kopo na rangi ya swichi.

Mimi somo hili nililipata kwa hasara. Nilipohamia hapa kutoka Tanga, nilihama na ugonjwa wangu wa kupenda samaki. Nikanunua kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vyake kichujio cha kopo, kile kinachokaa chini ya meza, kimefungwa kwa vibanio kama sufuria ya presha, maji yakishuka kwa mpira mmoja na kupanda kwa mwingine. Kilikuwa kitu kizuri, sikatai. Lakini kilimeza karibu fedha yote niliyoitenga, na mawe nikaweka matatu tu, ya urembo. Miezi mitano mambo yalikwenda vizuri, nikawa nawatambia wageni. Usiku mmoja umeme ukakatika saa mbili, ukarudi saa kumi na moja alfajiri. Najua saa kwa sababu niliamshwa na mngurumo wa friji. Nilipoingia sebuleni nilipokewa na harufu ya yai viza. Mpira wa kurudishia maji ulikuwa unatema kitu cha kijivu, kama maji yaliyooshewa majivu, na samaki wangu watatu walikuwa wamepanda juu kabisa, vinywa vikifunguka na kufumba kwenye ngozi ya maji. Kufikia saa mbili asubuhi nilikuwa nimebakiwa na mmoja.

Ni nini kilichotokea? Ndani ya kopo lililofungwa mlikuwa na bakteria wengi mno na uchafu wa wiki kadhaa. Pampu iliposimama, maji yaliacha kupita, na oksijeni iliyokuwamo ikaisha kwa muda wa saa chache. Bakteria wanaohitaji oksijeni wakaanza kufa, wakachukua nafasi wale wasioihitaji, ambao baadhi yao hutengeneza gesi ya salfidi ya hidrojeni, na hiyo ndiyo harufu ya yai viza. Umeme uliporudi, pampu ikafanya kazi yake kwa uaminifu: ikachukua sumu yote ya usiku kucha na kuimwagia samaki.

Je, kosa lilikuwa la kopo? Hapana. Kopo lile lile, katika nyumba isiyokosa umeme na kwa mtu anayelisafisha kila baada ya wiki chache, lingefanya kazi miaka kumi. Kosa lilikuwa langu, la kuwafungia bakteria wangu wote katika chumba kisicho na dirisha. Na kama tayari unalo kopo, sikuambii ulitupe. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, jambo la kwanza ni kulichomoa kwenye soketi, ili lisijiwashe lenyewe ukiwa umelala, kisha ulifungue na kuliosha kabla ya kuliwasha tena.

Sasa lipo jambo jingine ambalo wenzetu wa Dar es Salaam na Tanga hawalazimiki kulifikiria, nalo ni kimo cha mji wetu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa umepungua kwa karibu moja ya nane ukilinganisha na pwani, na kwa kiasi hicho hicho hupungua oksijeni ambayo maji yanaweza kuishika. Maji ya chumvi nayo hushika oksijeni kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi, na maji yenye joto hushika kidogo kuliko yaliyopoa. Kwa hiyo samaki wa bahari aliyewekwa sebuleni Dodoma mwezi wa Novemba anabanwa pumzi kwa njia tatu kwa wakati mmoja. Mkiliona hilo, mtaelewa ni kwa nini nasema hewa kabla ya nguvu. Pampu ndogo ya hewa yenye wati 5 hutumia chini ya uniti 4 za umeme kwa mwezi. Pampu ya maji ya wati 25 hutumia uniti 18. Zipo pia pampu za hewa zenye betri ya kuchaji, ambazo hujiwasha zenyewe umeme unapokatika. Kama ningeruhusiwa kununua mashine moja tu katika maisha yangu yote ya ufugaji, ningenunua hiyo, nikalala usingizi.

Nije kwenye mawe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lee Chin Eng, mfugaji wa Indonesia, aliwaeleza wafugaji wa nchi nyingine jinsi alivyokuwa akitunza samaki wa bahari kwa kutumia maji ya bahari, mawe yenye viumbe hai kutoka miambani, na mapovu ya hewa. Hakuwa na kopo wala sanduku la kuchujia. Baadaye wafugaji wa Berlin, Ujerumani, wakajenga juu ya wazo hilo hilo la mawe, wakaongeza kifaa cha kuondoa povu nitakachokieleza, na namna hiyo ikaitwa kwa jina la mji wao. Hadi leo matangi mengi ya kifahari ulimwenguni yanasimama juu ya msingi ule wa mtu wa Indonesia aliyekuwa na mawe na mapovu.

Kwa nini jiwe? Kwa sababu jiwe la matumbawe lina matundu, na ndani ya matundu mna matundu mengine. Juu yake, ambako maji hupita yakiwa na oksijeni, hukaa bakteria wanaoshughulikia amonia na nitriti. Ndani zaidi, ambako oksijeni ni haba, hukaa bakteria wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni, ambayo hupanda juu na kutoka. Na umeme ukikatika, jiwe halina mlango wa kufungwa. Linakaa wazi katikati ya tangi, linashiriki pumzi ile ile na samaki.

Lakini ni jiwe gani? Kijana mmoja wa Nkuhungu, yupo hapa na ameniruhusu nimseme bila kumtaja, alinisikia nikisifu mawe, akapanda kilimani, akabeba granaiti. Mnaijua granaiti yetu, Dodoma nzima imekaa juu yake. Aliiosha, akaipanga vizuri sana, tangi likapendeza hata mimi nikalionea wivu. Wiki ya tatu kipimo chake cha amonia kilikuwa bado kinasoma rangi ya kijani kibichi. Granaiti haina kosa. Haitoi sumu, haiyeyuki. Ila ni gumu na limefumbana, bakteria hupata uso wa nje tu, kama kupanga familia nzima ilale barazani. Mkitaka kujaribu jiwe, lipasueni muone kama lina matundu, kisha lidondoshieni siki au maji ya ndimu: likitoa vipovu ni la chokaa, na hilo halitaishusha pH ya tangi lenu.

Jiwe la bei nafuu kwetu ni lile la matumbawe yaliyokufa zamani za kale, linalochimbwa nchi kavu huko pwani, ndugu wa mawe yaliyojengea Kilwa Kisiwani na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Huja kavu, halina harufu, na linavumilia safari ya basi. Lisugueni, lilowekeni kwenye ndoo ya maji ya chumvi kwa wiki kadhaa mkibadilisha maji, ndipo liingie tangini. Kwa tangi la lita 120, kama langu, kilo 12 hadi 15 za jiwe lenye matundu mengi zinatosha. Matumbawe hai, tafadhali, yaacheni yalipo. Biashara ya matumbawe ya mawe inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na hata kama usingekuwapo, mimi nimekulia Tanga, nimeona miamba iliyopigwa baruti ikiwa imebaki kifusi. Sitaki kuwa sababu ya mtu mwingine kwenda kuvunja iliyosalia.

Jiwe kavu halina bakteria siku ya kwanza. Hili watu hawapendi kulisikia. Weka kipande kidogo cha kamba wa kula, kile cha sokoni, kioze humo tangini pasipo samaki hata mmoja, omba kiganja cha mchanga kwa mwenzio mwenye tangi lililokomaa, kisha subiri. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Amonia itapanda na kushuka, nitriti itapanda na kushuka, na zote mbili zikisoma sifuri, nitrati ikiwa imeonekana, ndipo umnunue samaki wa kwanza. Kungoja hakugharimu shilingi, na bado ndicho kitu ambacho wengi wetu hushindwa kukilipia.

Sasa povu. Akina mama na akina baba wapishi, mkichemsha maharage, nini hupanda juu? Povu. Na mnalifanyaje? Mnaliengua kwa mwiko. Basi kifaa kile ambacho Wazungu wamekitengeneza kwa ajili ya matangi ya bahari hufanya kazi hiyo hiyo, na mimi hukiita kiengua povu. Ni bomba lililosimama wima. Chini huingia mapovu madogo sana, madogo kama chembe za unga. Mabaki ya chakula, ute na uchafu mwingine ulioyeyuka hunata kwenye ngozi ya kila povu, hupanda nalo, na povu zito hufurikia kwenye kikombe kilicho juu. Aliyewahi kusimama Tanga au Bagamoyo siku ya upepo mkali ameona ufukweni povu la rangi ya maziwa yaliyochafuka. Bahari yenyewe inajiengua. Katika maji ya mto kifaa hiki hakifanyi kazi vizuri, kwa sababu mapovu hukutana haraka na kuwa makubwa; ni chumvi inayoyasaidia kubaki madogo.

Ubora wa kiengua povu ni huu: kichujio cha sponji hushika uchafu na kuuacha uoze ndani ya maji yale yale mpaka utakapokumbuka kuuosha, lakini kikombe cha povu kimekwisha kuutoa nje kabla haujageuka amonia. Tena kinapofanya kazi, kinayatia maji hewa, na mmesikia habari ya kimo chetu. Cha dukani chenye pampu yake ni ghali. Changu ni cha bomba la plastiki la inchi tatu, la mafundi bomba, chenye kijiwe cha hewa cha mti, yaani kipande cha mti ambacho hewa hupenya na kutoka kama mapovu madogo, na kile kipampu cha hewa cha wati 5. Kijiwe cha mti huziba, na hukibadilisha kila baada ya wiki chache. Kimenipa taabu, sitawaficha: mara nyingine povu halipandi siku mbili kwa sababu mkono wenye mafuta ya kupikia uliingia majini. Lakini kila asubuhi ninapokishusha kikombe nakuta maji ya rangi ya chai ya rangi, yananuka, na najiambia kwamba jana yote hayo yalikuwa yanaogelewa.

Wengi mmeniuliza kuhusu tangi la chini, lile ambalo maji humwagikia kutoka tangi la juu na kurudishwa kwa pampu. Ni mpango mzuri, kwani huongeza ujazo wa maji na huficha vifaa. Sikushauri uanze nao. Rafiki yangu anayeishi mtaa wa Kisasa alilipima tangi lake la chini likiwa linafanya kazi, akalijaza hadi karibu na ukingo, na umeme ulipokatika maji yaliyokuwa njiani pamoja na yaliyovutwa kurudi kwa mpira wa pampu yakashuka yote. Zulia la mkewe lilikunywa kama lita 40 za maji ya chumvi. Anayetaka kulijenga ajaribu kwanza kwa kuchomoa waya mwenyewe mchana, akitazama maji yanafika wapi, na atoboe kitundu kidogo kwenye mpira wa kurudishia chini kidogo ya uso wa maji ili hewa iingie na kuukata mvuto.

Vichujio vya chini ya mchanga sivitaki. Hujaa uchafu mahali usipopafikia. Vya kuning'iniza ukingoni ni vya kufaa, hasa kwa kusukuma maji. Sponji ni rahisi na ni nzuri mradi uioshe kila wiki kwa maji uliyoyatoa tangini, si ya bomba yenye klorini. Na mkaa wa jikoni, ndugu zangu, si ule mkaa maalumu wa kuchujia, ambao umepikwa kwa joto kali na mvuke hadi matundu yake yakafunguka. Uacheni jikoni.

Nibakize maneno ya maji yenyewe, kwa sababu mkono wako na ndoo ni kichujio pia. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini tununue chumvi ilhali maji ya Dodoma yana chumvi tayari. Mlicheka, nami nilicheka, lakini lilikuwa swali la haki. Maji yetu ya visima huacha ukoko mweupe kwenye birika, ni kweli. Hata hivyo maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, na ndani yake mna magnesi, kalsiamu na madini mengine kwa uwiano maalumu, ambao chumvi ya mezani haina. Kubadilisha lita 12 kila wiki katika tangi la lita 120 hudai chini kidogo ya nusu kilo ya chumvi ya akwariamu. Hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kupunguza nitrati iliyobaki, na haihitaji soketi.

Tena kuna upepo wetu wa Agosti. Tangi langu hupoteza lita mbili hadi tatu kwa siku miezi hiyo, na chumvi haiondoki na mvuke. Ukiziacha lita 12 zipotee bila kufidia, gramu 35 kwa lita huwa karibu 39, na samaki hawakuona kosa lao. Fidia kwa maji yasiyo na chumvi, kidogo kila siku, na ikiwezekana yawe yaliyochujwa madini, kwa sababu ukoko ule wa birika nao hauruki na mvuke, hujilimbikiza. Maji ya mvua yafaa pia, ila msikinge mvua ya kwanza iliyoosha vumbi la miezi saba, wala msikinge kwenye bati bovu au lenye rangi inayobanduka.

Mtauliza, basi fedha igawanywe vipi? Tukiacha kando tangi na taa, katika kila shilingi kumi mimi ningetoa nne kwa mawe na mchanga, tatu kwa chumvi na vipimo, mbili kwa pampu ya hewa yenye betri pamoja na pampu ndogo ya kuzungusha maji, na moja kwa bomba la kiengua povu. Kisha ningeweka samaki wawili wadogo, si sita, na ningewalisha kiasi wanachokimaliza kwa dakika mbili.

Kiengua povu changu hiki hapa mezani, kimekuja kwenye ndoo kutoka nyumbani asubuhi, na kikombe chake sijakimwaga tangu juzi ili mkione. Nakifungua sasa. Waliokaa mstari wa mbele nawaomba wasogee nyuma kidogo, na aliye karibu na dirisha alifungue.